Kuboresha Mfumo wa Umeme wa Trekta Kuukuu: Mambo Anayopaswa Kuyafahamu Mmiliki

Katika maeneo mengi ya kilimo nchini Tanzania, trekta lililotengenezwa nusu karne iliyopita bado linalima, linavuta tela la mazao na kuendesha mashine ya kupukuchua mahindi. Injini yake ya dizeli, ikipata oili safi na chujio zinazobadilishwa kwa wakati, inaweza kumtumikia baba na baadaye mwanawe. Kinachotangulia kuchoka ni umeme wake. Betri haishiki chaji, taa zinafifia, stata inaguna pasipo kuzungusha injini, na hatimaye mwenye trekta anajikuta akiliegesha mteremkoni kila jioni ili asubuhi aliwashe kwa kuliachia lishuke.

Hali hiyo huzoeleka hadi ikaonekana kuwa ya kawaida, ilhali madhara yake ni makubwa. Trekta lisilowaka alfajiri ya siku ya kwanza baada ya mvua humpotezea mkulima siku za kupanda, na siku hizo hazirudi. Trekta linalorudi kutoka shambani usiku bila taa za nyuma huhatarisha maisha ya dereva, ya wasaidizi waliopanda telani na ya watumiaji wengine wa barabara. Aidha, waya mkavu uliopasuka ganda karibu na bomba la moshi unaweza kuteketeza mashine pamoja na mavuno.

Makala haya yanaeleza namna mfumo wa umeme wa matrekta hayo unavyofanya kazi, jinsi ya kuuchunguza, hatua za kubadili dainamo kuwa alteneta, na tahadhari ambazo mmiliki, dereva na fundi wanapaswa kuzizingatia.

Matrekta yanayohusika

Miongoni mwa matrekta ya zamani yanayofahamika zaidi Afrika Mashariki ni yale yaliyotoka katika kiwanda cha Banner Lane mjini Coventry, Uingereza. Kiwanda hicho kilitengeneza trekta la Ferguson TE20 kuanzia mwaka 1946 hadi 1956, na zaidi ya matrekta 500,000 ya aina hiyo yalitoka hapo. Baadaye yalifuata Massey Ferguson 35, na kuanzia mwishoni mwa mwaka 1964, Massey Ferguson 135, ambalo toleo lake la dizeli lilitumia injini ya Perkins ya silinda tatu yenye ujazo wa lita 2.5 na nguvu farasi takriban 45. Katika kipindi hicho hicho kampuni ya Ford ilitoa matrekta ya 3000, 4000 na 5000.

Sehemu kubwa ya matrekta hayo yaliundwa kwa umeme wa volti 12 unaozalishwa na dainamo. Kuanzia miaka ya 1970, matrekta mengi mapya yalianza kutoka kiwandani yakiwa na alteneta. Yapo pia matrekta ya petroli ya miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, kama Ford 8N la Marekani, yaliyotumia volti 6. Kwa hayo, kazi ya kuboresha ni kubwa zaidi, kwa kuwa taa, koili ya kuwashia na vipimo vyote vya umeme hulazimika kubadilishwa au kuwekewa vipunguza volti. Maelezo yanayofuata yanahusu zaidi matrekta ya dizeli ya volti 12.

Namna mfumo wa zamani unavyofanya kazi

Mfumo huo una sehemu nne kuu. Betri huhifadhi umeme na kuutoa kwa wingi wakati wa kuwasha injini. Stata huchukua umeme huo, unaofikia mamia ya ampea kwa sekunde chache, na kuizungusha injini. Dainamo, inayozungushwa na mkanda wa feni, hurudisha katika betri kile kilichotumika. Sehemu ya nne ni kidhibiti chaji, kisanduku ambacho mafundi wengi hukiita katauti. Kazi yake ni kuzuia volti kupanda kupita kiasi, na kuitenga dainamo na betri pale injini inapozimwa, ili betri isiishie chaji yake ndani ya dainamo.

Udhaifu wa dainamo ni wa kimaumbile. Umeme wake huzalishwa katika sehemu inayozunguka na hupitishwa nje kwa kaboni zinazosuguana na shaba, hivyo kaboni na shaba hulika. Injini inapozunguka polepole, dainamo hutoa umeme kidogo au haitoi kabisa. Dainamo ndogo zilizofungwa katika matrekta mengi zilitoa takriban ampea 11, na zile kubwa zaidi takriban ampea 22, tena kwa injini inayokwenda kasi. Kiwango hicho kilitosha enzi ambazo trekta lilifanya kazi mchana na kurudi nyumbani likiwa na taa mbili za mbele na moja ndogo ya nyuma.

Alteneta hufanya kinyume. Umeme wake mkubwa huzalishwa katika sehemu isiyozunguka, na daiodi zilizo ndani yake huugeuza kuwa umeme wa mkondo mmoja unaofaa betri. Kwa sababu hiyo huweza kuzungushwa kwa kasi kubwa bila kuharibika, na huanza kuchaji hata injini ikiwa katika mwendo wa chini. Alteneta ndogo za kawaida hutoa ampea 28, 36 au 45, na nyingi zina kidhibiti chaji ndani yake.

Chunguza kwanza kabla ya kununua

Si kila trekta lisilowaka linahitaji alteneta. Mara nyingi tatizo liko katika betri, katika viunganishi vyake au katika waya wa ethi, yaani waya unaounganisha betri na mwili wa trekta. Uchunguzi wa dakika chache kwa kutumia mita ya volti unaweza kumwokolea mmiliki fedha nyingi.

Betri nzima iliyotulia kwa saa kadhaa baada ya kuchajiwa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma volti 12.0, sehemu kubwa ya chaji imekwisha. Wakati stata inapozungusha injini, volti zikisomwa kwenye betri yenyewe zisishuke chini ya takriban 9.6. Zikishuka zaidi ya hapo ilhali betri ilikuwa imejaa, betri hiyo imechoka au stata inavuta umeme kupita kiasi.

Hatua inayofuata ni kupima waya wa ethi. Ncha moja ya mita huwekwa kwenye nguzo ya betri inayokwenda mwilini, na ncha nyingine kwenye chuma kisicho na rangi cha injini, kisha stata hupigwa. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani. Dawa yake ni kufungua ncha zote mbili za waya huo, kukwangua kutu na rangi hadi chuma king'ae, kufunga upya kwa nguvu na kupaka grisi juu ya kiungo. Kazi hiyo haina gharama, na matrekta mengi yaliyohukumiwa kuwa na stata mbovu hupona kwa njia hiyo.

Baada ya kuwasha injini na kuipa mwendo wa kati, volti katika betri zinapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Zikibaki chini ya 13, hakuna chaji ya kutosha. Zikizidi 15, kidhibiti chaji kimeharibika na maji ya betri yanachemka. Kabla ya kuilaumu dainamo, mkanda wa feni nao ukaguliwe: ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, usilegee zaidi ya milimita 13 hivi.

Hesabu ya mzigo wa umeme

Uamuzi wa kubadili mfumo unapaswa kutokana na hesabu. Umeme unaotumika, kwa ampea, hupatikana kwa kugawanya wati kwa volti. Kwa mfano, trekta lenye taa mbili za mbele za wati 45 kila moja, taa moja ya kazi ya wati 55 na taa ndogo nne za wati 5 linatumia jumla ya wati 165. Ukigawanya kwa volti 12, mzigo huo ni karibu ampea 14.

Dainamo inayotoa ampea 11 haiwezi kuubeba mzigo huo hata ikiwa mpya. Karibu ampea 3 hutoka betrini kila saa, na kama injini inazunguka polepole, ampea zote 14 hutoka humo. Betri ya ampea 70 kwa saa, ambayo wauzaji huiita N70, ikifanyishwa kazi hivyo kwa saa nne hupoteza zaidi ya ampea 50 kwa saa, na asubuhi inayofuata haitaweza kuwasha injini. Mmiliki atadhani ameuziwa betri mbovu, kumbe imenyonywa.

Zipo njia mbili za kusawazisha hesabu hiyo. Ya kwanza ni kupunguza mzigo kwa kutumia taa za LED. Taa mbili za kazi za LED za wati 18 kila moja hutumia ampea 3 tu, na huangaza vizuri kuliko taa nyingi za zamani. Mmiliki ambaye dainamo yake ni nzima na anayefanya kazi usiku mara chache anaweza kuishia hapo. Njia ya pili ni kuongeza uzalishaji kwa kufunga alteneta. Kwa trekta la kawaida, alteneta ya ampea 36 au 45 inatosha kabisa. Ikizalisha kwa ukamilifu, alteneta ya ampea 45 huchukua takriban nguvu farasi moja na nusu ya injini, kiasi ambacho trekta halitakihisi. Alteneta kubwa zaidi ya hapo haina faida, kwa kuwa mkanda mwembamba wa feni utateleza na nyaya zitahitaji kuwa nene zaidi.

Ethi ya chanya na ethi ya hasi

Jambo linaloharibu vifaa vingi zaidi katika kazi hii ni mwelekeo wa umeme. Magari na matrekta mengi ya Uingereza yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yalifungwa nguzo chanya ya betri mwilini. Alteneta zinazopatikana madukani leo zinahitaji nguzo hasi ndiyo iwe mwilini. Betri ikifungwa kinyume, hata kwa sekunde moja, daiodi za alteneta huungua.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa chochote, fundi athibitishe kwa macho ni nguzo ipi inayokwenda mwilini, kwani trekta lililopita katika mikono mingi huenda lilishageuzwa. Kama ethi ni ya chanya, betri igeuzwe. Nguzo chanya ya betri ni nene kuliko hasi, hivyo vichwa vya nyaya pia vibadilishwe badala ya kulazimishwa kwa nyundo. Nyaya mbili za kipimo cha ampea katika dashibodi zibadilishane nafasi, la sivyo kipimo kitaonyesha chaji inatoka wakati inaingia. Stata yenyewe haihitaji kubadilishwa chochote, kwa sababu motazake za aina hiyo huzunguka upande ule ule hata umeme ukigeuzwa. Taa za balbu nazo hazibagui, lakini taa za LED na redio hubagua.

Mmiliki anayegeuza ethi huku akibaki na dainamo yake anapaswa kuizoesha mwelekeo mpya kabla ya kuwasha injini. Waya wa kidhibiti chaji unaoingia katika ncha ndogo ya dainamo, yenye alama ya F, hufunguliwa, kisha ncha hiyo huguswa kwa waya kutoka katika nguzo ya betri isiyokwenda mwilini, kwa sekunde mbili au tatu tu.

Hatua za kubadili dainamo kuwa alteneta

Kwanza, betri ikatwe. Waya wa ethi ndio unaotangulia kufunguliwa na ndio wa mwisho kurudishwa. Utaratibu huo huzuia spana kupiga shoti inapogusa mwili wa trekta.

Pili, dainamo ifunguliwe pamoja na kishikio chake. Katika baadhi ya matrekta, waya wa kipimo cha mizunguko na saa za kazi huchukua mwendo wake nyuma ya dainamo. Mmiliki ajue mapema kwamba alteneta ya kawaida haina nafasi ya waya huo, na aamue kama yupo tayari kukikosa kipimo hicho au atatafuta alteneta maalumu.

Tatu, alteneta ifungwe kwa kishikio imara. Puli yake ikae mstari mmoja na puli ya injini na ya feni, kwani puli iliyopinda hula mkanda kwa siku chache na kuharibu beringi. Iwapo puli ya dainamo na ya alteneta zinatofautiana upana, itumike inayolingana na mkanda wa trekta.

Nne, kidhibiti chaji cha zamani kitolewe katika mzunguko wa umeme. Nyaya zote zilizoingia ndani yake zipimwe kwa mita moja baada ya nyingine na kuwekewa alama. Haifai kutegemea rangi, kwa kuwa baada ya miaka 50 rangi zimefifia na nyaya nyingi zimeshabadilishwa. Kisanduku chenyewe kinaweza kuachwa mahali pake kikiwa tupu, kwa ajili ya kulinda sura ya trekta.

Tano, waya mnene wa chaji utoke katika ncha kubwa ya alteneta hadi upande wa betri wa stata au solenoidi. Kwa alteneta ya ampea 45 na umbali mfupi, waya wa shaba wa milimita za mraba 6 unafaa. Kama chaji yote ilikuwa ikipita katika kipimo cha ampea kinachoishia 30, kipimo hicho kiondolewe katika njia hiyo na mahali pake kiwekwe kipimo cha volti.

Sita, waya mwembamba utoke katika ncha ndogo ya alteneta, upite katika taa ya onyo ya chaji na kuishia kwenye swichi ya ufunguo. Taa hiyo si pambo. Umeme mdogo unaopita ndani yake ndio unaoiamsha alteneta ianze kuzalisha. Itumike balbu ya kawaida ya wati 2.2 au karibu na hapo. Balbu ya LED ikiwekwa peke yake haipitishi umeme wa kutosha, na alteneta mpya inaweza kuonekana mbovu kwa sababu hiyo tu. Ufunguo ukiwashwa taa hiyo iwake, na injini ikishika kasi izimike.

Baada ya kukamilisha, volti zipimwe taa zote zikiwa zimezimwa, kisha zikiwa zimewashwa. Zikibaki juu ya 13 katika hali zote mbili, kazi imefanyika vizuri.

Nyaya na fyuzi

Kufunga alteneta mpya juu ya nyaya zilizooza ni kumimina maji katika mtungi uliotoboka. Tena ni hatari, kwa sababu umeme unaopatikana sasa ni mwingi kuliko ule wa dainamo. Matrekta ya zamani yalikuwa na fyuzi chache, na katika mengi zilizokuwepo zilishatolewa na kuzibwa kwa waya au karatasi ya sigara.

Unene wa waya huamua mwanga wa taa. Waya wa milimita ya mraba 1 wenye urefu wa mita 4, ukibeba ampea 7.5 za taa mbili za mbele, hupoteza zaidi ya nusu volti. Waya wa milimita za mraba 2.5 kwa umbali huo huo hupoteza takriban volti 0.2. Taa za nyuma na za indiketa zinaweza kutumia waya mwembamba zaidi. Nyaya za betri na stata ziwe nene, kati ya milimita za mraba 35 na 50. Waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mgumu usitumike, kwani mtikisiko wa trekta huukata.

Kila mzunguko uwe na fyuzi yake, na fyuzi ikae karibu na chanzo cha umeme ili sehemu yote ya waya iliyo mbele yake ilindwe. Nyaya zipitishwe ndani ya mpira wa kinga, mbali na bomba la moshi, feni na miguu ya dereva, na zifungwe kila baada ya umbali mfupi. Swichi kuu ya kukata betri inafaa sana kwa trekta linalolala karibu na nyasi kavu au ghala. Hata hivyo, swichi hiyo isizimwe injini ikiwa inaunguruma, kwa kuwa alteneta inayopoteza betri ghafla hupandisha volti na kuunguza daiodi zake. Vivyo hivyo, kabla ya kuchomelea chuma chochote katika trekta, nyaya za alteneta na betri zifunguliwe.

Usalama wakati wa kuwasha

Hakuna sehemu ya kazi hii inayohusu uhai wa mtu moja kwa moja kama swichi ya kuzuia trekta kuwaka likiwa ndani ya gia. Katika Massey Ferguson 35 na 135, kwa mfano, stata hufanya kazi pale tu mkono wa gia unapokuwa mahali ambapo gia haziwezi kuwa zimeingia. Swichi hiyo inapoharibika, njia ya mkato inayotumika ni kufunga kitufe cha pembeni, au kusimama ardhini na kupiga stata kwa bisibisi.

Njia hiyo huua. Trekta lililoachwa ndani ya gia huwaka na kuondoka papo hapo, na mtu aliyesimama kati ya gurudumu la mbele na la nyuma hana nafasi ya kukimbia. Ni muhimu mmiliki anayelipia matengenezo ya umeme ahakikishe kwamba swichi hiyo imerudishwa katika hali yake ya asili, na asikubali kukabidhiwa trekta linalowashwa kwa njia nyingine. Pia haifai kuruhusu mtoto aketi katika usukani wakati wengine wanasukuma au trekta linateremshwa ili liwake, kwani breki za trekta kuukuu haziaminiki na klachi yake ni nzito.

Dereva akumbuke vilevile kwamba injini nyingi za dizeli za zamani huzimwa kwa kuvuta waya unaokata mafuta. Kuondoa ufunguo au kukata betri hakuizimi injini hiyo.

Trekta barabarani

Matumizi ya vyombo vya moto barabarani yanasimamiwa na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, na trekta haliko nje ya utaratibu huo linapotoka shambani na kuingia barabara ya umma. Kwa mwendo wake mdogo, trekta lina haja ya kuonekana kuliko chombo kingine chochote. Dereva wa basi au lori anayelikuta mbele yake usiku huwa na sekunde chache tu za kupunguza mwendo.

Alteneta ikishafungwa, hakuna tena sababu ya kuficha taa kwa kuogopa kumaliza betri. Trekta liwe na taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, taa za breki na indiketa. Tela nalo liwe na taa zake, zikipata umeme kupitia soketi ya pini 7 ambayo mpangilio wake ni wa kawaida kimataifa, ili tela la jirani liweze kuungwa bila kubahatisha. Viakisi mwanga vyekundu viwekwe katika pembe zote mbili za nyuma ya tela, kwa kuwa huendelea kuonekana hata taa zikizimika. Taa za kazi zinazoangaza nyuma zizimwe barabarani, maana humpofusha dereva anayefuata.

Betri chakavu

Betri ya trekta ina risasi na asidi ya salfa. Inapochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni inayolipuka, hivyo sigara, kibatari na cheche zikae mbali. Betri ya zamani isitupwe shambani, isimwagwe maji yake karibu na kisima, wala isiyeyushwe nyumbani kwa ajili ya kupata risasi. Madini hayo hudhuru ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo. Betri chakavu za risasi zinahesabiwa kuwa taka hatarishi chini ya Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, na nchini usimamizi wa taka za aina hiyo uko chini ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Njia sahihi ni kuirudisha betri kwa muuzaji au kwa mkusanyaji mwenye kibali.

Kupata fundi na vipuri

Kazi ya kufunga vifaa ni ya fundi umeme wa magari, na si ya kila anayemiliki spana. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina vyuo katika mikoa mbalimbali, na umeme wa magari ni miongoni mwa fani zinazofundishwa. Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini (CAMARTEC), kilichoanzishwa mwaka 1981 na chenye makao yake Arusha, kinahusika na majaribio na uendelezaji wa zana za kilimo. Ofisi za kilimo za halmashauri nazo ni mahali pa kuanzia kwa mkulima anayehitaji ushauri.

Wakati wa kununua, mmiliki adai risiti, athibitishe kwa mita kwamba betri mpya imejaa, na aagize alteneta iliyotumika ijaribiwe mbele yake. Vipuri vilivyotolewa vikabidhiwe kwake. Mchoro wa nyaya mpya, hata ukiwa wa kalamu katika karatasi moja, uhifadhiwe pamoja na hati za trekta, ili fundi atakayefuata asianze upya.

Watanzania wanao mfano wa zamani katika jambo hili. Mradi wa karanga uliotekelezwa na serikali ya kikoloni ya Uingereza kati ya mwaka 1947 na 1951 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea ulileta mashine nyingi zilizokwisha kutumika, na nyingi zilikwama mapema kwa ukosefu wa matengenezo na vipuri. Ardhi ilibaki na vyuma. Trekta kuukuu la leo haliko mbali na hatima hiyo, isipokuwa lipate fundi anayelielewa na mwenyewe anayelitunza. Wakati mzuri wa kulishughulikia ni kiangazi, kabla mawingu hayajatanda. Mvua ikishaanza, fundi atakuwa na foleni, na shamba halitasubiri.